Marehemu Anatungoja Daraja Mbili

Tangu turudi Kilifi sijanunua hata kitunguu kwa amani. Nikifika gengeni, naulizwa. Nikienda harusini, naulizwa. Juzi kwenye hitima, dua haijafungwa bado, shoga yangu mmoja kanivuta mtandio: "Hebu tueleze, ni kweli mume wako kamfufua maiti huko Kisii?" Hakumfufua mtu. Basi nimeona niandike yote mara moja, mwenye kusoma asome, asiyeweza asomewe, mimi niachwe nichague vitunguu vyangu.

Kwa asiyejua: mwanangu wa pekee, Zuhura, aliolewa mwaka jana na Yasini, kijana wa Kisii mwenye duka la spea za pikipiki. Nikahi ilifungwa hapa kwetu. Kwao walikuja ami zake wawili tu. Mamake alikuwa anaumwa magoti, safari ndefu haiwezi. Na babake, ami zake walituambia, "ametangulia" miaka mingi. Mume wangu, Athumani, ndiye aliyesimama siku ile kumwombea marehemu, na dua yake ilikwenda mpaka biriani ikapoa.

Mwezi uliopita Zuhura akajifungua mtoto wa kike, kwa kupasuliwa. Siku ya pili simu yake ikatumbukia kwenye beseni la maji. Ikawa namsikia Yasini peke yake: "Ako sawa, mama. Ako sawa." Mwanamume akikwambia mzazi yuko sawa, maana yake ni kwamba hajamwangalia vizuri. Sikulala. Nani anampikia uji wa pilipili manga? Nani anamshika mkono akienda msalani? Mama mkwe ambaye ngazi tu zinamshinda? Siku ya nne nikamwambia Athumani, washa gari.

Kilifi hadi Nairobi

Gari letu mnalijua, lile jeupe linalokohoa. Juu ya keria tulifunga magunia mawili ya nazi. Ndani mlikuwa na mabuyu, ukwaju, korosho, kanga za mzazi, na kwenye buti papa mkavu, mzima, kwa sababu Zuhura alimtamani miezi yote tisa. Nilimfunga kwa magazeti, kisha karatasi za nailoni, kisha mkeka. Kufika Mariakani alikuwa ameshapenya vyote vitatu.

Mume wangu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kumpita binadamu bila kumsalimu. Karibu na Voi tulikuta lori limepasuka gurudumu. Athumani hajui kubadilisha gurudumu la lori. Lakini alishuka, akamuuliza dereva habari za nyumbani, za watoto, za mvua kwao, akashika kurunzi ingawa jua lilikuwa utosini, na mwisho wake tukala maharagwe ya yule dereva kwenye sufuria yake, chini ya lori lake. Maharagwe matamu, sisemi uongo. Lakini Mtito Andei tulifika alasiri, mahali ambapo watu wenye akili hufika asubuhi.

Nairobi sina la kuwaeleza. Tulilala kwa binamu yangu, tukaondoka kabla binamu hajaamka.

Narok

Kabla ya kuingia Narok askari akatusimamisha. Kijana mpole, uso mzuri. Akainama dirishani, kisha akainuka haraka.

"Mzee, nini imekufa kwa hii gari?"

"Hakuna kilichokufa, mwanangu," akasema Athumani. "Ni papa."

"Papa?" Askari akasimama wima. "Papa gani? Yule wa Roma?"

Mtu mwingine angejibu "samaki" mambo yakaisha. Mume wangu alizima gari. Akaanza kueleza kwamba katika lugha ya Kiswahili kuna papa mkuu wa kanisa, na kuna papa wa baharini, na kwamba maneno haya mawili hayana udugu. Nyuma yetu magari yalikuwa yameanza kupiga honi. Askari akaomba kuonyeshwa. Buti likafunguliwa, mkeka ukakunjuliwa kidogo tu, na yule kijana akarudi nyuma hatua nne huku kashika pua.

"Funga, mzee. Endeni. Na msisimame hapa karibu, tafadhali."

Tuliambiwa twende kwa heshima zote. Sijawahi kuona barabara ikifunguliwa haraka vile.

Keroka

Baada ya Sotik nchi ikabadilika. Vilima kila upande, majani ya chai kama zulia lililochanwa kwa kitana, baridi ikaanza kuniingia kupitia buibui. Keroka tukasimama kula. Mhudumu, dada mchangamfu mwenye aproni, akaja na kitambaa begani.

"Karibuni. Mtakura nini?"

Athumani akanitazama, akamtazama yule dada. "Kura yetu iko Kilifi, binti yangu. Na uchaguzi bado."

Dada akafikiri mzee hasikii vizuri. Akapaza sauti mkahawa mzima ukageuka: "NASEMA, MTAKURA NINI? KUNA UGARI, KUNA WARI!"

"Kula!" nikamnong'oneza mume wangu. "Anauliza utakula nini!"

Tukacheka sote, na yule dada akacheka zaidi aliposikia Athumani akiagiza "chai ya rangi isiyotiwa maziwa kabisa." Akageukia jikoni: "Strungi moja kwa mwalimu!"

Kosa letu lilikuwa kutembea baada ya kula. Kando ya barabara wamejipanga akina mama na ndizi, na kila mama alisalimiwa na mume wangu, na kila aliyesalimiwa alinyoosha mkungu, na Athumani haoni vipi utamsalimu mtu kisha umkatalie. Tulirudi garini na mikungu mitano. Kiti cha nyuma kikajaa hadi paa. Mmoja ukakaa mapajani mwangu. Athumani akachuma ndizi moja, akamenya kwa taabu, akauma, akabaki na mdomo wazi.

"Hii haijaiva?"

"Hiyo ni ya kupika, mume wangu."

Akaitema dirishani, akaapa mbele yangu: "Mama Zuhura, nikimsogelea muuza ndizi mwingine leo, nipeleke kwa waganga."

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa Moraa, dadake Yasini, msichana wa miaka ishirini hivi. Sauti yake tu ndiyo niliyoijua.

"Aunty, mmefika wapi?"

"Keroka, mwanangu. Zuhura vipi?"

"Ako sawa. Yasini ameenda kumtoa hospitali sai. Mimi niko nyumbani napika. Mkifika Daraja Mbili msiingie katikati ya tao, mtapotea. Baba anawangoja hapo kwa barabara, atawaleta."

Nilidhani baridi imeniziba masikio. "Nani anatungoja?"

"Baba."

Sasa ningemuulizaje mtoto wa watu, "Kwani babako si alikufa?" Nikatafuta njia ya adabu. "Baba yupi, mwanangu?"

"Baba! Kwani tuko na wangapi?" Akacheka. "Utamjua tu. Amevaa koti ya kijani, kofia ya marvin na gambuti za mvua. Amekaa hapo tangu saa saba, na Baba hapendi kungojeshwa." Simu ikakatika.

Nilimweleza Athumani. Alipunguza mwendo hadi baiskeli ikatupita.

"Marehemu anatungoja?"

"Ndivyo alivyosema."

Tukapita vilima viwili. Kisha nikaona jasho limemtoka, na baridi ile. "Mama Zuhura. Wale ami walisema 'ametangulia.' Hawakusema 'amekufa.' Pengine siku ile walimaanisha ametangulia kurudi Kisii."

"Ya Rabi."

"Nimemsomea mtu mzima dua ya maiti! Nimemwombea kaburi lake lipanuliwe! Na kanda za harusi walizichukua, atakuwa ameona!" Akapiga usukani. "Nitamtazamaje?"

Njia yote iliyobaki alikuwa anatunga maneno ya kuomba radhi, kwa sauti ya mahakamani, akisimama penye mkato na kuanza upya.

Daraja Mbili

Daraja Mbili ilikuwa siku ya soko. Mitumba imening'inia kama bendera za mataifa yote, kabichi zimepangwa mlima, watu wanavuka barabara bila kuiangalia, na juu wingu jeusi limeshuka mpaka karibu na mabati. Tukaenda polepole, kila mmoja dirishani kwake, tukimtafuta mzee wa koti la kijani.

"Yule?"

"Yule kijana."

"Yule?"

"Yule hana gambuti."

Mara akatoka mama mmoja katikati ya soko, mnene kidogo, anachechemea, kabeba chane mbili za ndizi mbivu mikononi na kuzipunga juu kama mtu anayeongoza ndege kutua. "Kirifi!" anapaza sauti. "Kirifi! Simama! Kirifi!"

"Anauza nini huyu?" akauliza Athumani.

"Ndizi. Nadhani Kirifi ni jina la aina yenyewe."

Athumani akafumba macho nusu, kama mtu anayekumbuka kiapo. Akatoa kichwa dirishani. "Ahsante sana mama! Tunazo! Tunazo za kutosha!" Akakanyaga mafuta. Yule mama akapiga buti la gari kwa kiganja, pu, nasi tukaenda zetu. Nilimwona kwenye kioo kasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Nikasema, "Huku wauzaji wana bidii."

Mwisho wa soko tukampigia Moraa, hakushika. Athumani akashuka kuwauliza waendesha boda.

"Ndugu zangu, nawasabahi. Samahani kwa kuwakatiza katika shughuli zenu za kujitafutia riziki. Ningependa kujuzwa, iwapo mnafahamu—"

"Mzee," akasema mmoja kwa upole, "unauliza njia ama unahubiri?"

"Namtafuta Baba Yasini. Ni Muislamu."

"Eeh! Baba Yasini wa posho mill? Ako Mosocho. Hapo mbele tu, nyoosha na hii rami."

"Ana koti la kijani?"

Wakatazamana. "Hiyo koti hata analala nayo."

Mosocho

Mosocho ni mbele kidogo ya mji. Kinu cha kusaga unga tulikisikia kabla hatujakiona. Na hapo mlangoni, wallahi nawaambia, akatoka mtu mrefu kavaa koti la kijani, kofia ya sufu na gambuti, naye mweupe pepepe tangu kofia hadi gambuti kwa unga wa mahindi. Nyusi nyeupe. Kope nyeupe. Athumani alisoma Ayatul Kursi kimyakimya hadi mwisho ndipo akafungua mlango.

"Baba Yasini?"

"Ndiyo mimi. Karibuni wageni."

Yule bwana hakuuliza sisi ni nani. Alizima kinu, akajipangusa, akatuingiza ndani. Mkewe akaleta chai, akaleta mayai, akaleta viazi vitamu. Mgeni kwao haulizwi akiwa na njaa. Nami nikamtazama yule mama: mbona magoti yake mazima? Anainama na kuinuka kama msichana. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kapona.

Athumani akaweka kikombe, akasimama.

"Mkwe wangu," akaanza. "Kabla ya yote nakuomba radhi. Nilikusomea dua ya maiti."

Mwenye nyumba akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Mbele ya watu mia mbili. Nilikuombea kaburi lako liwe na nuru."

"Kaburi *yangu*?"

"Hatukujua kwamba ungali hai. Nimefurahi sana kukuona ungali hai."

"Hata mimi nimefurahi," akasema yule bwana polepole, akimtazama mkewe.

"La pili, nakupa hongera ya mjukuu. Bintiye Yasini amezaliwa salama, ana siku tano, na mamake ndiye binti yetu."

Mkewe akatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Yasini yupi?" akauliza yule bwana.

"Mwanao."

"Yasini yangu," akasema, na sauti ilikuwa inapanda kama maji ya uji, "ako FORM TWO!"

"Uuuwi!" Mama wa nyumba akaketi chini pale pale. "Nilisema hiyo shule iko mbali! Nilisema!"

Yule bwana alikuwa tayari kasimama, simu sikioni, anamtafuta mwalimu mkuu. "Atafungasha leo! Leo hii! Miaka kumi na tano, mtoto! Karo nalipa, yeye anaoa!" Athumani anasema "subiri ndugu yangu," mama analia, mimi natafuta picha kwenye simu yangu. Nilishamwona akilini yule mtoto wa watu akifukuzwa shule kwa kichanga kisicho chake. Nikaipata. Nikamwekea ile picha ya harusi mbele ya macho: Yasini wetu na kilemba na ndevu zake.

Akatazama. Akashusha simu. Akampa mkewe, mkewe akatazama, akajipangusa machozi na aproni.

"Huyu ni wa spea," akasema mama. "Huyu ni kijana wa Baba! Yule mama wa ndizi, Daraja Mbili!"

"Baba yule mama?" nikauliza.

Mume na mke wakatazamana, kisha yule bwana akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akashika ukuta. "Mama, kwa Kikisii, *baba* ni mama! Baba mzazi ni *tata*. Huyo mama, hapa kila mtu anamwita Baba, hata wateja. Bwana yake alikufa kitambo, tulimzika sisi."

Athumani akakaa. Nikamwona anarudi nyuma akilini, polepole, hadi sokoni. Nami nilikuwa nimefika huko kabla yake. Chini ya chane zile mbili zilizokuwa zikipungwa, lilikuwapo koti. La kijani.

"Kirifi," nikasema.

"Kilifi," akasema Athumani, akafunika uso.

Jioni ya kwanza

Mvua ilikuwa imeanza tuliporudi Daraja Mbili. Soko limekunjwa, amebaki yeye, kaketi juu ya kreti la soda chini ya mwavuli, kofia imeshuka hadi nyusini. Athumani alishuka kwenye matope bila mwavuli. Maneno yote aliyoyatunga tangu Keroka yalikuwa yameisha Mosocho. Akasema tu, "Nisamehe, Baba."

"Nyinyi!" Akainuka kwa shida. "Nawakimbilia na hii magoti yangu! Naita Kirifi, Kirifi, watu wanafikiri nimepata wazimu! Na wewe unaniambia nini? 'Tunazo'!" Akachungulia dirishani amwone mwanamke aliyeandamana na mjinga huyu, na macho yake yakapita begani kwangu hadi kiti cha nyuma. Mikungu mitano. Akaitazama muda mrefu.

"Kweri," akasema. "Mnazo."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye maji. Akajibana mbele pamoja nami, ndizi zake mapajani mwake, zangu mapajani mwangu, akatuongoza kwa kidole: kushoto, kushoto tena, panda, hapo penye geti la bluu.

Zuhura alikuwa kasimama kizingitini, kajifunga leso mbili, kakonda uso, anatabasamu. "Mama! Mbona mmechelewa hivi? Baba amewangoja tangu mchana!"

"Niko hapa mwanangu," akasema Athumani.

"Si wewe, Baba."

Nilimkumbatia kwa ubavu, nikiogopa mshono. Mtoto nikapewa kabla sijavua viatu. Usoni ni Athumani mtupu, kasoro masharubu, na amekunja uso vile vile kama anayetaka kutoa hoja. Moraa akaandaa: ugali wa wimbi, kuku, na mboga chungu waitayo chinsaga, ambayo ni mgagani wetu tu, imetoka asubuhi ile shambani kwa nyanya yake mzaa mama, kule Manga. Kila nikimaliza sahani inajaa. Nikasema nimeshiba, wakasikia nimesema niongezwe.

Kisha mvua ikaja yenyewe hasa. Mnajua mvua ya kwetu. Hii si hiyo. Juu ya mabati ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, na haliishi. Hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Yasini alifungua mdomo akafunga. Athumani alikwishalala kwenye kochi. Mkwe mwenzangu, Baba, alikuwa ameketi kando yangu, na nilitaka kumuuliza lile lililonitoa Kilifi, nani alimwuguza mwanangu, lakini ningepiga kelele vipi na mtoto kalala?

Nikaelekeza kidevu kwa Zuhura. Nikageuza kiganja juu, kuuliza.

Akaelewa. Akanyoosha vidole vinne. Akaweka shavu juu ya mikono yake, akafumba macho. Kisha akainama taratibu, akagusa sakafu kwa kiganja, akaipigapiga mara mbili, ili nisikosee.

Usiku zote nne alilala na mwanangu. Sakafuni, chini ya kitanda cha hospitali. Wala Yasini hakunitajia, na pengine Baba mwenyewe ndiye aliyemkataza.

Nilimwekea mjukuu wetu mapajani mwake, nikamfunika miguu kwa ile kanga niliyomletea mwanangu, nikamwegemea begani. Koti lake lilikuwa bado na maji. Tukakaa hivyo mpaka mvua ikapungua, na Moraa akapata nafasi ya kuuliza kama tutaongeza ugali.